Naomba ushauri: wageni wa Krismasi wanakosa pa kukaa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ibada yetu ya Desemba 25 hujaa wageni, na shida inaanzia kwenye mabenchi. Washirika huwahi na kukaa mwisho wa benchi, upande wa njia. Mgeni akichelewa lazima apenye kati ya magoti ya watu, au asimame nyuma na mtoto mgongoni. Baadhi huondoka kabla ya mahubiri, inauma sana. Tumejaribu kufunga kamba mistari 3 ya nyuma na kuweka wahudumu 4 mlangoni, lakini wenyeji wenyewe huifungua kamba mapema.

Je, wahudumu wampeleke kila mtu hadi kitini, washirika wakiwemo? Na mgeni tumtambueje bila kumsimamisha mbele ya kanisa? Wengi huona haya.