Probayotiki na kisukari cha ujauzito: ninywe au niache?

Muulizaji
Habari zenu, ndugu. Nina ujauzito wa wiki 28, na juma lililopita, baada ya kunywa gramu 75 za glukosi na kutolewa damu mara tatu, niliambiwa kwamba nina kisukari cha ujauzito. Nimepangiwa mlo na ninajipima sukari nyumbani. Rafiki yangu ananisihi nianze vidonge vyenye probayotiki na pribayotiki, akisema kwamba vinashusha sukari na havina madhara kwa kuwa ni vitu vya asili. Je, ni kweli? Na je, vinaweza kuniepusha na insulini, ambayo ninaiogopa kwa ajili ya mtoto?

Mchangiaji wa kwanza
Pole, dada, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kumeza. Mimi ni mkunga. Probayotiki ni bakteria hai, na pribayotiki, kama vile inulini, ni nyuzinyuzi zinazowalisha bakteria wa utumbo. Wakizichachua, hutoa asidi ambazo hudhaniwa kuusaidia mwili kuitikia insulini. Nadharia hiyo inavutia, na utafiti wa Ufini wa mwaka 2010 uliipa nguvu. Hata hivyo, jaribio la SPRING la Australia, lililochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha wanawake 411 wenye uzito uliozidi, halikuonyesha kinga yoyote: waliopata kisukari walikuwa asilimia 18.4 kati ya waliopewa probayotiki na asilimia 12.3 kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa, tofauti ambayo yaweza kuwa ya bahati tu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ambayo yaliona kwamba probayotiki zinazotumiwa kwa kinga huongeza hatari ya priklampsia, hali inayotangulia kifafa cha mimba. Kuhusu tiba kwa aliyekwisha kugundulika kama wewe, mapitio ya mwaka 2020 yalikusanya tafiti 9 ndogo na hayakupata uthibitisho wa kutegemewa. Kwa hiyo kitu kuwa cha asili hakitoshi kuwa dhamana.

Mchangiaji wa pili
Mimi nilitumia unga wa inulini katika mimba yangu ya pili. Nilijaa gesi hata nikakosa usingizi, na sukari yangu ya asubuhi iliendelea kuzidi 5.3 mmol/L, kiwango nilichopewa kama ukomo kabla ya kula. Nilipoanza insulini ilishuka ndani ya siku chache. Usiiogope, mdogo wangu: kinachovuka kondo la nyuma kwa wingi na kumfikia mtoto ni sukari yenyewe, wala si insulini unayojidunga.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Sikuwa nimesema kwamba katika mimba yangu ya kwanza nilipata priklampsia, na rafiki yangu hakulijua hilo. Vidonge nitaviacha.

Mchangiaji wa kwanza
Hilo ni jambo zito, dada. Hakikisha limeandikwa kwenye kadi yako ya kliniki, na uombe kupimwa shinikizo la damu na protini ya mkojo katika kila hudhurio. Ukiumwa kichwa kikali, ukiona ukungu machoni au ukipata maumivu chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.