Nataka kuwa dereva wa treni, naombeni ushauri kabla sijaacha kazi

Fundi_Moro: Habari wakuu, wakubwa shikamooni. Nina miaka 27, fundi umeme, nimeajiriwa kwa mkandarasi hapa Morogoro. Tangu SGR, hii reli ya kisasa, ianze 2024 roho yangu iko kwenye kile kichwa. Nianzie chuo cha reli Tabora, chuo cha usafirishaji NIT, au nisubiri tangazo la ajira la shirika la reli, TRC? Bosi nishamuaga, mwisho wa mwezi naondoka.

Mama_Wawili: Unaacha kazi zama hizi? Mwanangu, funga uombe kwanza.

Reli_ya_Kati: Marahaba. Mie nimestaafu reli. Treni haina usukani kijana, kazi ni breki. Unakaa usaidizi mpaka uijue njia gizani: mlima uko wapi, kona iko wapi, uanze kupunguza kabla hujaiona taa. Kuna pedali pale chini, ukisinzia ukaiachia, breki zinajipiga zenyewe. Sasa masika pale Kilosa hadi Gulwe, maji yakibeba tuta… hiyo siku nyingine. Macho yakoje?

Fundi_Moro: Mbali naona vizuri sana mzee.

Reli_ya_Kati: Sijauliza mbali. Rangi?

Fundi_Moro: Nyekundu na kijani zinanichanganya kidogo. Ila kile kitabu cha vidoti wanachopimia rangi nimekipata mtandaoni, nakikariri, ukurasa wa kwanza ni 12. Halafu SGR ishara zinakuja kwenye skrini, siyo mambo ya bendera ya gadi.

Reli_ya_Kati: Hiyo 12 hata asiyeona rangi anaiona, imewekwa makusudi. Na skrini yenyewe unadhani haina rangi?

Jongoo: Uswidi treni ziligongana Lagerlunda 1875, profesa Holmgren akashuku mambo ya rangi, akaanza kuwapima watu wa reli kwa nyuzi za sufu. Wewe unataka kuibia mtihani ukimbize watu kilomita 160 kwa saa?

Fundi_Moro: Siibi, najiandaa. Kwani nyie interviu hamjiandai?

Kaka_Mkubwa: Hii chai, tena haina sukari. Fundi umeme asiyejua nyekundu na kijani anaungaje nyaya? Laivu na ethi si ndiyo hizo hizo?

Fundi_Moro: Kuna testa mkuu. Na dogo ananitajia.

Mama_Wawili: Subiri. Saluni ya Kihonda, mwezi wa pili, dogo wako hakuja. Ni wewe?

Mama_Wawili: Fundi? Mbona kimya? Draya inanipiga shoti mpaka leo.