Rumeti wangu wa uuguzi kaniapisha nisimwambie mtu, nifanyeje?

Binti_Wodini: Habari zenu wakuu. Niko diploma ya uuguzi mwaka wa tatu hapa Dar, nakaa hosteli na mwenzangu. Mwezi uliopita zamu ya usiku mtoto alimfia mikononi, asubuhi msimamizi akamfokea mbele ya wodi nzima, na wiki hiyohiyo akapata sapu (mtihani wa kurudia) ya famakolojia. Toka hapo halali, anavaa sweta na joto hili lote, juzi nikaona mikono ina majeraha, na jana kanipa stetoskopu yake eti "utaitumia wewe, mimi sitaihitaji". Kaniapisha nisiseme, anaogopa ataambiwa hafai kuwa nesi. Nampenda kama dada yangu jamani.

Nesi_Mkongwe: Mdogo wangu, hilo la stetoskopu limenishtua kuliko yote, mtu akianza kugawa vitu anavyovithamini usingoje kesho. Muulize leo bila kuzunguka, "unafikiria kujiua?" Najua neno zito mdomoni ila kumuuliza hakumtii wazo kichwani, wengi huwa wanapumua. PHQ-9, ile fomu ya maswali ya kupima sonona, mnafundishwa, lile swali la tisa la mawazo ya kujidhuru tunawauliza wagonjwa kila siku halafu mwenzetu tunamwonea aibu! Akisema ndio usimwache peke yake, hata chooni msindikize, dawa za chumbani zitoe, muende emajensi leoleo. Kiapo cha hivyo vunja. Akikasirika acha akasirike.

Kaka_Tabibu: Nilipitia hayo mwaka wa pili. Darasani unafundishwa sonona na dozi zake, ukilia wewe unaambiwa jikaze we si daktari. Nilitibiwa, nikapumzika semista moja nikarudi, leo niko kazini naona wagonjwa. Mwambie hilo tafadhali, maana hofu ya kufukuzwa ndo inayotufunga midomo.

Mwana_wa_Likoni: Pole dadangu. Huku Kenya wengi walikuwa wanaogopa hospitali sababu ya kifungu cha 226, kujaribu kujiua ilikuwa kesi hadi Mahakama Kuu ikakitangua Januari 2025. Kwenu Tanzania kifungu cha 217 cha kosa hilohilo bado kipo, lakini kuwa na mawazo hayo si kosa, kwa hiyo muwahini mapema. Mkenya anayesoma hapa apige 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.

Binti_Wodini: Nimemuuliza. Kanyamaza muda mrefuu halafu kasema ndio, akalia sana. Tuko emajensi saa hizi, matroni katuleta na gari lake, mama yake yuko njiani anatoka Morogoro. Kanishika mkono hajauachia.