IST imetolewa masega na themosta, mbona sasa ndo inabugia mafuta?

mzee_wa_raskazone: Wakuu habari za mchana. Nina Toyota IST ya injini ya 1NZ, kila siku naenda nayo Muheza kazini narudi Tanga. Nilikuwa napata kilomita 14 kwa lita, fundi wangu akaniambia tutoe masega (kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi) ipumue, themosta nayo tutoe eti joto la Tanga halihitaji hicho kidude, akanifungia na ile ea klina ya koni. Ukikanyaga inanguruma hatari na mi nilifurahi kabisa, ila sasa hata 11 naipata kwa shida. Kuna jamaa tena ananishawishi nifunge chupa ya haidrojeni, ile inayopasua maji kwa umeme wa gari itoe gesi iungue na petroli, eti mafuta yatapungua nusu. Nifunge?

spana_namba10: Mkuu themosta irudishe leo leo. Joto la nje halihusiani, kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike nyuzi 80 na kitu, sasa ukiitoa halafu uko barabarani upepo unapiga, injini haifiki joto lake, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inajua bado baridi kama umewasha asubuhi basi inazidi kumwaga petroli. Na masega yakitolewa taa ya cheki injini huwa inawaka, yako haijawaka au fundi kaichomoa taa?

mama_chumbageni: Hahaha taa kuchomolewa yalishanikuta. Hiyo koni nami niliifunga kwenye Vitz, kumbe inavuta hewa ya moto ya hapohapo kwenye injini, nikarudisha boksi lake. Mlio unadanganya sana jamani.

mdigo_halisi: Kaka chupa achana nayo. Umeme wake unatoka alteneta, alteneta inazungushwa na mkanda wa injini, injini inakula petroli, yaani unachoma petroli upasue maji upate haidrojeni yenye nguvu ndogo kuliko ulichochoma! Marekani EPA, shirika lao la mazingira, walishapima vifaa zaidi ya 100 vya kupunguza mafuta, vingi havikusaidia kitu na vichache vilivyosaidia ni kiduchu. Pima upepo wa tairi, keria kama hubebi mzigo shusha, halafu jaza tenki, zungusha tripu sifuri, uje ujaze tena pampu ileile ndo upige hesabu.

mzee_wa_raskazone: Asanteni wakuu. Nimempigia fundi anirudishie themosta yangu anasema aliitupa, masega nayo hakumbuki yalikoenda 😂

spana_namba10: Masega hayatupwi mkuu, yana wanunuzi wake.