Wameniuzia mashine ya bustani ya nyumbani kwa jina la hevi duti, sasa wanasema waranti hainihusu

Wakuu, salamu.

Nimejizuia sana kuandika huu uzi, ila leo meneja wa duka kaniambia kwa mdomo wake: "Tatizo bosi umeitumia sana mashine." Nimeitumia sana! Mashine ya kukatia nyasi, ina stika ya dhahabu ya hevi duti, yaani ya kazi nzito, halafu kosa langu ni kwamba nimekatia nyasi.

Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, hapa Arusha. Viwanja vya shule, makanisa, loji moja kubwa. Muuzaji nilimweleza hayo yote kabla hata sijauliza bei, nikamtajia na kiwanja cha mpira. Akacheka: "Kiwanja cha mpira tu? Hii hata uwanja wa ndege utamaliza." Nikatoa milioni moja na laki mbili, nikadai risiti ya EFD, na ninayo mpaka leo.

Kwa wasioijua hii kazi: kiwanja kamili ni mita 105 kwa 68. Kisu changu kinakata upana wa sentimita 46, lakini lazima mstari upande kidogo juu ya mwenzake usije ukaacha mabaka, kwa hiyo unapata kama 40. Piga hesabu. Ni karibu kilomita 18 unatembea nyuma ya mashine kwa kiwanja kimoja, na masika ukoka unarudi ndani ya wiki. Mwenye bustani ya mita 20 kwa 15 nyumbani kwake anatembea mita 750 anaingia ndani kunywa chai. Hizo ni mashine mbili tofauti. Muuzaji anajua, na ndiyo maana nasema nimepigwa, sijabahatisha vibaya.

Kijitabu cha waranti hukipewi dukani, kimo ndani ya boksi lililofungwa. Ukurasa wa mwisho kabisa, herufi za kuvalia miwani: matumizi ya kibiashara hayahusiki. Yaani stika ya nje inakuita wewe fundi wa kazi nzito, karatasi ya ndani inakufukuza.

Tuje kwenye nguvu. Stika inasema 7 HP, yaani nguvu za farasi saba. Kwenye bloku la injini kumegongwa 1P70, yaani silinda moja yenye kipenyo cha milimita 70, na 173 cc, ndiyo ujazo wa injini. Sasa angalia Honda GX200, injini ya 196 cc ambayo kila fundi wa pampu anaijua: zamani iliuzwa kama 6.5 HP, siku hizi Honda wenyewe wanaiandikia 5.5. Injini ndogo kuliko hiyo imepata wapi saba? Marekani watu walishaenda mahakamani kwa uongo huu huu wa HP kwenye mashine za nyasi, na mwaka 2010 makampuni kadhaa makubwa yalikubali kulipa wateja mamilioni ya dola. Ndiyo maana mashine nyingi za kule sasa zinaandikwa cc na toki (nguvu ya kuzungusha), HP imefichwa. Kwetu stika inachapwa tu.

Na hapa Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Vitabu vya Honda vinasema injini hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Toa asilimia 16 hivi hata kabla hujagusa nyasi. Muuzaji wa Dar anaweza asilifikirie hilo. Wa Arusha?

Kilichokufa kwanza ni mwendo wa magurudumu ya nyuma. Nikafungua kifuniko: gia za ndani ya gurudumu ni plastiki, meno yameliwa yakawa laini kama sabuni iliyotumika. Magurudumu yenyewe hayana beringi, ni tundu la plastiki juu ya ekseli. Spea? "Agizo linakuja." Tukawa tunaisukuma kwa kifua.

Halafu injini ikaanza kuzima ikishapata moto. Naomba msinijibu "badili plagi", maana dukani ndiyo jibu la kila kitu. Plagi niliisafisha, nafasi niliiweka milimita 0.7. Nililegeza kifuniko cha tangi mashine ikiwa inakufa, maana tundu la hewa likiziba petroli haishuki na inazima hivyo hivyo. Haikuwa hilo. Ea klina ni safi. Oili ni SAE 30, naipima kila asubuhi, na niliimwaga ya kwanza baada ya saa 5 za kazi kama kijitabu kinavyotaka. Kabureta niliishusha, jeti nikaipuliza. Ikakaa sawa siku mbili tatu, ikarudia. Ndipo nikaipeleka kwao, kwa fundi wao wa waranti.

Fundi wao kwanza akaniuliza kama nachanganya petroli na oili! Hii ni injini ya stroku nne, ina oili yake chini, mchanganyiko ni wa zile za kufyekea za begani. Kama fundi wa duka hajui hilo mjue spea zenu ziko mikononi mwa nani. Kisha akailaza mashine ubavu, kabureta chini, oili yote ikakimbilia kwenye ea klina. Ilivyowashwa ikatoa moshi mweupe duka zima, akasema: "Unaona, ringi zimekwisha." Jamani! Mashine hizi unaziinua plagi ikitazama juu, kila anayezishika anajua.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki. Kijana wangu aligonga jiwe, kamba ikaanza kurudisha mkono kwa nguvu. Dalili hiyo ni ki ya flaiwili: kile kipande kidogo cha chuma laini kinachoshikisha flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, na shafti. Kimetengenezwa kiwe laini makusudi, kikatike chenyewe ili shafti ipone, na kikihama kidogo tu umeme wa plagi unafika kwa wakati usio wake. Ni spea ya bei ya soda. Nikaipeleka kwao dukani, wakaitengeneza, wakanitoza, mashine ikawaka. Safari iliyofuata ikagonga kichwa cha bomba la kumwagilia, ikaanza kutetemeka mpaka nati zinadondoka. Nimeifungua mwenyewe juzi. Ndani ya mfereji inamokaa ile ki kuna msumari uliokatwa na kupigwa nyundo! Msumari haukatiki, kwa hiyo kilichopinda ni shafti. Picha ninazo, na msumari ninao kwenye mfuko wa nailoni.

Meneja anasema msumari huenda niliuweka mimi.

Anayetaka kununua ya kazi nzito, usisome stika. Inamisha mashine, zungusha gurudumu usikie kama lina beringi. Uliza gia za nyuma ni za nini, mwambie akufungulie. Uliza kama silinda ina silivu, yaani bomba la ndani, ya chuma cha kalibu kama ya Honda GXV160, ambayo ni 163 cc tu lakini imetengenezwa kwa kazi za kibiashara. Na kijitabu cha waranti kisome hapo hapo kaunta, kabla ya kulipa. Akikataa kufungua boksi, ondoka.

Kuhusu hatua: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema ukimweleza muuzaji kazi unayoitakia bidhaa ukategemea ujuzi wake, bidhaa inatakiwa iifae kazi hiyo. Mimi nilimweleza, na nina ujumbe wa WhatsApp ambamo ananijibu kuhusu kiwanja cha mpira. Kuna na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mteja, iko chini ya FCC, yaani Tume ya Ushindani. Aliyewahi kupeleka malalamiko FCC akiwa mkoani aniambie: unaandika barua au unafika mwenyewe, na mashine yenyewe wanaitaka kama ushahidi?

Pia mwenye shafti ya 1P70 iliyonyooka, hata ya mtumba, aje PM na bei. Anayetaka kuniambia nimrudie yule yule fundi, apite kimya.