Homoni ya GLP-1 huvunjwa ndani ya dakika chache: ujumbe wake unafikaje kwenye shina la ubongo?

MwanafunziDodoma

Habari zenu wanajukwaa. Nasoma mwaka wa pili wa udaktari, na nimekwama kwenye jambo ambalo kitabu chetu cha fiziolojia kinalipita kwa sentensi moja. Tunaambiwa kwamba baada ya mlo, seli za L, ambazo ni nyingi zaidi kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba na kwenye utumbo mpana, hutoa homoni ya GLP-1, na kwamba homoni hiyo huleta shibe kwa kubadili utendaji wa seli za neva katika shina la ubongo. Ukurasa unaofuata unasema kwamba kimeng'enya cha DPP-4 huivunja upesi kiasi kwamba nusu yake hupotea katika damu kwa takriban dakika mbili, na kwamba sehemu kubwa ya ubongo imetengwa na damu kwa kizuizi maalumu. Ikiwa yote hayo ni kweli, ujumbe wa shibe unapita wapi? Naomba nielezwe njia yenyewe, si majina ya vituo peke yake.

MkufunziWaNeva

Swali lako ni zuri, na jibu lake linaanza kwa kuacha dhana kwamba homoni lazima isafiri mpaka ubongoni ndipo ubongo upate habari. Neva ya vagasi ina matawi yanayoishia ndani ya ukuta wa utumbo, karibu sana na seli zinazotoa homoni, na takriban asilimia 80 ya nyuzi zake hupandisha taarifa kutoka kwenye viungo vya ndani kwenda ubongoni.

Nakushauri uanze na kolesistokinini (CCK), homoni nyingine ya shibe inayotoka utumboni, kabla ya GLP-1, kwa kuwa njia yake imechunguzwa kwa muda mrefu zaidi. Mafuta na protini vinapofika kwenye duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, seli zake ziitwazo seli za I huachia homoni hiyo, nayo hushika vipokezi vya CCK1 vilivyo kwenye ncha za vagasi. Ncha hizo husisimka, na misukumo ya neva hupanda kupitia niuroni (seli za neva) ambazo miili yake imo katika ganglioni ya nodosi, fundo la seli za vagasi, hadi kwenye kiini cha njia ya solitari, kundi la niuroni lililo upande wa nyuma wa medula oblongata, yaani sehemu ya chini ya shina la ubongo. Huko ncha za juu za niuroni hizo hizo hutoa glutamati, kemikali inayosisimua niuroni nyingine, na seli nyingi za kiini hicho huongeza kasi ya misukumo yao. Kwa njia hii kinachozisisimua seli za shina la ubongo ni glutamati, ilhali homoni yenyewe imebaki chini na huenda imekwisha kuvunjwa. Kwa GLP-1 inayotoka utumboni, njia ya vagasi ni muhimu kwa sababu hiyo hiyo: homoni hufanya kazi pale inapozaliwa, kabla DPP-4 haijaimaliza.

Ushahidi upo. Mwaka 1973, Gibbs, Young na Smith walionyesha kwamba panya waliodungwa kolesistokinini hula kidogo, na mwaka 1981 ikaonekana kwamba athari hiyo hutoweka matawi ya vagasi ya tumboni yanapokatwa.

DaktariMombasa

Naomba kuongeza jambo ambalo mihadhara mingi hulisahau. Kuna majaribio ambamo shina la ubongo la panya lilitenganishwa na ubongo wa mbele. Panya hao hawawezi kutafuta chakula, ila humeza kiowevu cha sukari kinachowekwa mdomoni, na wanapopewa kolesistokinini huacha kumeza mapema zaidi. Maana yake ni kwamba seli za shina la ubongo zina uwezo wa kukadiria ukubwa wa mlo bila msaada wa haipothalamasi, sehemu ya ubongo wa mbele inayohusishwa na njaa, na kwa maoni yangu kuifundisha hamu ya chakula kama kazi ya haipothalamasi pekee ni kumpotosha mwanafunzi.

MwanafunziDodoma

Nawashukuru sana, sasa sehemu ya kwanza imenikaa. Limebaki hili: semaglutaidi, dawa ya kisukari na ya kupunguza uzito inayoiga GLP-1, huchukua takriban wiki moja kupungua kwa nusu mwilini. Je, nayo hutegemea vagasi?

MkufunziWaNeva

Hapo njia ya pili inachukua nafasi kubwa zaidi. Jirani na kiini cha njia ya solitari kuna eneo liitwalo eria postrema, ambalo mishipa yake midogo ya damu haina kile kizuizi cha kawaida, na niuroni zake nyingi zina vipokezi vya GLP-1. Dawa inayobaki katika damu kwa siku nyingi ina muda wa kutosha kuzifikia seli hizo moja kwa moja. Eneo hilo ndilo pia linalohusika na kutapika, na ndiyo maana kichefuchefu ni lalamiko la kawaida kwa watumiaji wa dawa hizi.

Tahadhari moja kabla ya mtihani: baadhi ya niuroni za kiini cha njia ya solitari hutengeneza GLP-1 yao wenyewe na kuipeleka kwenye haipothalamasi na kwingineko. Usizichanganye na seli za L. Katika majaribio ya panya, semaglutaidi iliendelea kupunguza ulaji hata niuroni hizo zilipoondolewa.

DaktariMombasa

Kuna pia safari ya kurudi chini. Seli za kiini cha njia ya solitari zinaposisimka, baadhi yake hutoa GABA, kemikali inayotuliza niuroni, na kuzituliza niuroni za kiini cha mgongoni cha vagasi, ambazo kwa kawaida huihimiza misuli ya tumbo kusinyaa. Tumbo hulegea na chakula hukawia kutoka. Kwa sababu hiyo, kabla ya kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi, tunamuuliza kama anatumia dawa za kundi la GLP-1, kwani anaweza kuwa na chakula tumboni ingawa amefunga kwa saa zinazotakiwa.