Maumivu chini ya mbavu za kulia, naombeni dawa ya gesi

MvuviKirumba: Wakuu, heshima zenu. Naumwa chini ya mbavu za kulia, yanapanda hadi bega la kulia. Nikila sangara wa kukaanga usiku, yananibana masaa mawili matatu halafu yanaachia. Nimeze nini?

Nyakato2: Gesi kwa kawaida haipandi begani hivyo. Mafuta yakifika kwenye utumbo mwembamba, kifuko cha nyongo hujikamua, na kama kuna kijiwe mlangoni ndiyo mbano huo. Piga ultrasaundi. Usile masaa 6 hadi 8 kabla, maana ukila kifuko kinasinyaa, mpimaji haoni kitu.

MzeeIgoma: Vijana mnakula machips saa sita usiku mnategemea nini?

ZiwaniKwetu: Mvuvi lazima apime kichocho. Mayai yake hukwama kwenye mishipa ya damu ndani ya ini, bandama linavimba, mwisho mtu anatapika damu. Dawa yake, prazikwanteli, ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, umeze ukiwa umekula. Ila kichocho hakibani na kuachia hivyo. Pima na hepataitisi B. Ukiwa na homa, fikiria pia jipu la amiba kwenye ini, au nimonia ya chini ya pafu la kulia, hiyo hudanganya wengi.

Nyakato2: Mkuu, macho yana rangi gani? Na mkojo?

MvuviKirumba: Macho njano kidogo tangu juzi. Mkojo kama chai ya rangi. Ultrasaundi nilipiga, wakaona vijiwe, mrija wa nyongo mm 11, wakasema operesheni. Nimeshamlipa mtu wa mafuta ya zeituni na ndimu. Jirani alikunywa, vikamtoka vya kijani. Kisu hapana.

Chachandu: Kumbe majibu anayo mfukoni! Hili tangazo wakuu. Posti inayofuata ni namba ya simu.

KijanaPasiansi: 😂😂 Na bei ya jumla.

Nyakato2: Hata kama katunga, kuna mwenye macho ya njano anasoma hapa. Vile vya kijani ni sabuni, inajitengeneza tumboni kutokana na hayo mafuta. Viweke kwenye maji ya moto uone vinavyolainika, kijiwe halisi hubaki kigumu. Tena glasi ya mafuta inakikamua kifuko, kijiwe kingine kinasukumwa mrijani. Mrija kwa kawaida hauzidi mm 6 hivi. Umetetemeka kwa homa?

MvuviKirumba: Jana usiku. Nikajua malaria, nikameza mseto.

Nyakato2: Maumivu, manjano na homa ya kutetemeka vikikutana, mrija umeziba na nyongo imeingia bakteria. Inaweza kusambaa kwenye damu ndani ya masaa. Nenda dharura hospitali ya Bugando sasa hivi, usisubiri asubuhi. Utahitaji antibayotiki za mshipani na mrija kuzibuliwa, mara nyingi kwa kamera inayopita mdomoni, bila kupasua tumbo. Usile kitu njiani. Beba karatasi ya ultrasaundi, na huo mseto uutaje.

Chachandu: Kama ni kweli, dai hela yako kwanza.

MvuviKirumba: Bodaboda yuko nje. Muuza mafuta anasema hela hairudi, ila ataniongezea chupa.